Stata inazunguka, trekta haiwaki: soma moshi kabla ya kufungua pampu

Swali: Nina trekta ya zamani ya dizeli, silinda tatu, pampu ya kawaida isiyo na mambo ya kompyuta. Ilikuwa inawaka vizuri. Nilibadilisha filta ya dizeli mwenyewe, nikaiwasha. Ikawaka muda mfupi, ikayumba, ikazima yenyewe. Nikaiacha kwa sababu ya shughuli nyingine. Sasa wiki mbili zimepita. Nikipiga stata injini inazunguka, lakini haiwaki, na betri imeanza kuchoka. Jirani anasema pampu imekufa, niing'oe niipeleke kwa fundi. Mwingine anasema ninyunyizie etha, ile dawa ya kupuliza inayoshika moto upesi, kwenye njia ya hewa. Msimu wa kulima umeshafika. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Najua uchungu wa trekta kugoma wakati shamba linasubiri. Lakini kwenye swali lako kuna maneno yanayonipa moyo: iliwaka muda mfupi, ikayumba, ikazima yenyewe. Pampu ikifa haifanyi hivyo. Hivyo ndivyo inavyofanya injini iliyokula dizeli iliyobaki ndani ya pampu na mabomba, kisha ikakutana na hewa iliyoingia pale ulipofungua filta. Kwa hiyo pampu iache mahali pake, nozeli usiziguse, na etha isikaribie trekta yako. Nitakueleza sababu ya kila kimoja, kwa sababu nimeona pampu nzima nyingi zikifunguliwa bure, halafu trekta ikirudi na matatizo mawili badala ya moja.

Injini ya dizeli haina plagi ya kurusha cheche. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana, kisha nozeli inapuliza dizeli ndani ya joto hilo, nayo inawaka yenyewe. Kwenye injini nyingi za trekta hewa hubanwa mpaka ibaki sehemu moja ya 16 hadi 18 ya ujazo wake. Hivyo mahitaji ya kuwaka ni matatu tu: injini izunguke kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe bila kuvuja, na dizeli safi ifike kwa wakati wake. Kimojawapo kikikosekana utapiga stata mpaka jioni.

Jambo la kwanza la kufanya halihitaji hata spana. Mwombe mtu akae kwenye kiti, gia ikiwa fri, PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana) imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Wewe simama pembeni, mbali na magurudumu, mahali unapoona mdomo wa ekzosti. Apige stata kwa sekunde kumi huku akselereta ikiwa imefunguliwa. Usiangalie kitu kingine chochote ila moshi.

Kama hautoki moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Kosa liko kati ya tanki na nozeli, na hakuna haja ya kuwaza habari za ringi na valvu. Kama unatoka moshi mweupe au wa kijivu, unaonuka dizeli mbichi na kuwasha macho, basi mafuta yanafika ila hayaungui: ama joto halitoshi, ama hewa haibanwi vizuri, ama mafuta yanapulizwa nje ya wakati. Hapo sasa kuhangaika na mabomba ya dizeli ni kupoteza siku. Moshi mweusi injini ikiwa inajaribu kuwaka unamaanisha hewa haitoshi. Angalia filta ya hewa, na ukague kama panya au ndege hawajajenga kiota kwenye bomba la kuvutia hewa au kwenye ekzosti.

Jaribio hili moja linakugawia injini nusu kwa nusu. Fundi anayeshika spana kabla ya kuangalia ekzosti anabahatisha, hata awe na uzoefu wa namna gani.

Kwa ulivyoeleza, nategemea hutaona moshi. Lakini kabla hatujaenda kwenye mafuta, tuiangalie betri, maana umeshaichosha, na injini inayozunguka kwa uvivu inaweza kukudanganya. Hewa inayobanwa polepole hupata muda wa kupoa na kuvuja pembeni mwa pistoni, kwa hiyo injini nzima kabisa yenye mafuta safi inaweza kugoma kwa sababu tu ya mzunguko mzito. Pima betri kwa multimita (kipima umeme) baada ya kupumzika saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na ikiwa chini ya 12 usisumbuke nayo, ichaji kwanza. Kisha pima tena wakati stata inazungushwa. Isishuke chini ya volti 9.6. Ikishuka hapo wakati ilikuwa imejaa, ama betri yenyewe imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi.

Kuna kipimo kingine ambacho wengi hawakifanyi, nacho kinafichua kosa la kawaida kabisa kwenye trekta zilizozeeka. Weka ncha moja ya multimita juu ya nguzo hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye kibanio. Ncha ya pili iweke kwenye chuma kisafi cha bloku ya injini. Mtu apige stata. Multimita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani: waya wa arthi umelika, au bolti yake imekaa juu ya rangi na kutu. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga. Rudia hivyohivyo kati ya nguzo chanya na bolti kubwa ya stata. Nimeona watu wakinunua stata mpya wakati ugonjwa ulikuwa waya mmoja uliooza ndani ya ganda lake.

Usipige stata mfululizo zaidi ya sekunde 10 hadi 15. Ipumzishe dakika moja au mbili. Stata haina feni wala maji ya kuipoza, na ikiungua utakuwa umejiongezea msiba. Ukiazima umeme kwa betri ya trekta nyingine, waya wa mwisho wa hasi ufunge kwenye bloku ya injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche ndogo juu yake inaweza kuilipua usoni mwako.

Na kama siku moja stata itakaa kimya kabisa ukigeuza ufunguo, nakuomba kwa dhati usifanye ule mchezo wa kugusisha vichwa viwili vya stata kwa bisibisi ukiwa umesimama chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Njia hiyo inaruka swichi zote za usalama za klachi na gia. Trekta iliyoachwa kwenye gia inawaka na kuondoka palepale, na gurudumu la nyuma linakupitia kabla hujapata nafasi ya kuruka. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, hata madereva wazoefu. Kama stata iko kimya, angalia betri, fyuzi, swichi ya klachi iliyo chini ya pedali, na kama gia kweli iko fri. Kwenye Massey Ferguson nyingi za zamani, kwa mfano, kigingi cha gia lazima kiwe kwenye nafasi maalumu ndipo stata ipate umeme.

Sasa mafuta. Anza na kitu rahisi ambacho huwaaibisha hata mafundi: kizimio. Trekta yako ama ina kamba ya kuzimia unayovuta, ama ina solenoidi, kifaa cha umeme kinachofungua na kufunga mafuta, juu ya pampu. Kama ni kamba, usiamini kitasa kilicho kwenye dashibodi. Nenda kwenye pampu yenyewe, uangalie mkono mdogo ambao kamba imefungwa. Kitasa kinaweza kuwa kimerudi ndani huku mkono umekwama kwenye kuzima, kwa sababu kamba imeshika kutu au springi imeruka. Usukume kwa kidole mpaka mwisho wa upande wa kuwaka. Kama ni solenoidi, mtu ageuze ufunguo bila kupiga stata, na wewe sikiliza: lazima isikike "tik" pale kwenye pampu. Kusiposikika kitu, pima kama waya wake unapata volti 12. Mara nyingi ni waya tu uliochomoka, na wewe ulikuwa unafanya kazi karibu nao ulipobadilisha filta.

Kisha fuata dizeli kuanzia ilikotoka. Fungua kifuniko cha tanki. Ukisikia tanki likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, nalo peke yake linatosha kuinyima injini mafuta. Hakikisha koki ya tanki imefunguliwa. Uliifunga ulipobadilisha filta, je, uliifungua hadi mwisho? Fungua kikombe cha chini cha filta, ukinge mafuta ndani ya chupa inayoonyesha, uiache kama nusu saa. Maji ni mazito kuliko dizeli, yatakaa chini na mpaka utauona kwa macho. Ukikuta maji, mwaga mpaka yatoke mafuta matupu, na usafishe tanki kabla ya kuendelea, la sivyo utairudisha shida ileile kesho. Maji ndiyo adui mkubwa wa pampu na nozeli, kwa kuwa vipande vyake vya ndani vimechongwa kwa karibu mno na vinalainishwa na dizeli yenyewe.

Kosa la kwanza ninalolihisi kwako liko ndani ya filta. Ukifungua filta ya zamani, pete ya mpira ya juu mara nyingi hubaki imenata kwenye kichwa cha filta, nyeusi kama chuma kinachoizunguka, wala huioni usipoitafuta kwa kucha. Ukiweka pete mpya juu ya ile ya zamani, bolti itakaza, utaona kila kitu kiko sawa, lakini hewa itapenya. Filta zenye kikombe na bolti ya katikati huwa na pete zaidi ya moja: ya juu, ya chini, ndogo ya katikati, na ile ya bolti. Fungua tena, itafute kila moja, ondoa ya zamani, paka mpya dizeli kidogo, panga upya. Kama pakiti ya filta ilikuja na pete na wewe ukabakiwa na moja mkononi, jibu umeshalipata.

Baada ya hapo ndipo unatoa hewa, kazi inayotaka utulivu kuliko nguvu. Injini nyingi za aina yako, kama Perkins za silinda tatu zilizofungwa kwenye Massey Ferguson 135 na 240, zina pampu ndogo ya kuvuta mafuta ubavuni, yenye mkono mdogo wa kusukuma kwa vidole. Usukume. Ukiuona unacheza tu bila uzito, usiseme pampu ndogo imekufa. Huenda injini imesimama mahali ambapo kemu inayoendesha pampu hiyo imeshaisukuma diaframu (utando wa ndani wa pampu) hadi mwisho. Zungusha injini mzunguko mmoja, ujaribu tena, utasikia uzito.

Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya kichwa cha filta, zamu mbili au tatu hivi, usiing'oe. Sukuma mkono wa pampu ndogo. Kwanza itatoka hewa tupu, kisha povu jeupe linalochuruzika na kufoka, kisha povu na mafuta vikichanganyika, halafu mafuta safi yasiyo na hata kiputo kimoja cha hewa. Wengi wanafunga pale povu linapopungua. Usifunge. Endelea mpaka uone mafuta matupu yakitoka kwa mfululizo, na ukifika hapo sukuma tena kidogo, ndipo ukaze skrubu huku mafuta yanatoka. Povu dogo unaloliacha hapa ndilo litakalokuzimia trekta katikati ya shamba.

Hamia kwenye pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli. Pampu za mzunguko za CAV, ambazo zimejaa kwenye trekta za kizazi hicho, zina sehemu mbili za kutolea hewa: moja ubavuni mwa mwili wa pampu, nyingine juu, kwenye kifuniko cha gavana (kidhibiti cha kasi ya injini). Safisha uchafu wote kuzunguka kabla ya kulegeza, maana chembe moja ya mchanga ikiingia humo ni kilio. Legeza ya chini, sukuma mpaka mafuta safi, funga. Kisha ya juu, vivyo hivyo. Pampu za mstari, zile ndefu zenye mabomba yaliyopangwa kama safu, zina skrubu zake upande wa mafuta yanakoingilia. Kanuni ni ileile.

Mwisho ni mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli. Legeza nati za mabomba mawili pale yanapoingia kwenye nozeli, zamu moja tu. Akselereta iwe wazi hadi mwisho, kizimio kiwe upande wa kuwaka, mtu apige stata. Utaona nati zikitokwa na povu, kisha dizeli ikiruka kwa mapigo. Hapo kaza, piga stata tena. Mara nyingi injini inaanza kugonga kwa silinda moja, inatetemeka, ya pili inafuata, na baada ya muda mfupi zote zinaungana na mlio unakaa sawa.

Lakini shika hili: usiweke mkono wala kidole mbele ya nati iliyolegezwa. Hata kwenye injini hizi za zamani nozeli hufunguka kwa shinikizo la karibu bari 200, na mafuta yanayoruka kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Kidonda chake ni kama tundu la sindano, hakiumi sana mwanzoni, na ndiyo maana watu hukipuuza mpaka kidole au mkono unaoza kwa ndani. Dizeli ikikuingia chini ya ngozi nenda hospitali saa hiyohiyo, uwaambie wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa shinikizo. Kinga kwa kadibodi, vaa miwani. Na kama kuna msomaji mwenye trekta mpya ya mfumo wa komoni reli (bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote), haya ya kulegeza nati za nozeli hayamhusu kabisa. Humo shinikizo huvuka bari 1,000, na bomba linalofunguliwa injini ikizunguka linaweza kuua.

Tuseme umetoa hewa yote, trekta ikawaka, ukafurahi, na kesho asubuhi ikagoma tena. Maana yake kuna mahali panapoingiza hewa. Hili huwachanganya watu kwa sababu wanatafuta mahali panapovuja mafuta na hawapaoni. Kati ya tanki na pampu ndogo mafuta huvutwa, hayasukumwi. Tundu la upande huo ni kama mrija wa kunywea uliotoboka: kinywaji hakidondoki, unavuta hewa tu. Kagua mpira uliochanika kwenye kibanio, bomba la shaba lililopata ufa kwa mtikisiko, na zile washa za shaba kwenye viungio, ambazo zikitumika mara nyingi huwa ngumu na hazibani tena. Njia nzuri ya kuthibitisha ni kuunganisha kipande cha bomba la plastiki linaloonyesha kabla ya pampu ndogo, kisha kutazama mafuta yakipita. Ukiona viputo vya hewa vinapita, rudi nyuma kiungio kwa kiungio kuelekea tanki mpaka vikome.

Na kama unataka jibu la haraka bila kufukua kila kiungio, tumia kidumu. Weka dizeli safi kwenye kidumu kisafi, kiinue juu kuliko injini na ukifunge kisianguke, uteremshe bomba moja kwa moja hadi mahali mafuta yanapoingilia kwenye filta, toa hewa, piga stata. Trekta ikiwaka na kuendelea kunguruma bila kuyumba, basi filta, pampu kubwa, nozeli na injini vyote ni vizima. Kosa liko kwenye tanki, mabomba yake au pampu ndogo. Ikiwaka kisha ikayumba tena, huenda hewa inaingilia kwenye filta yenyewe, na hapo rudi kwenye zile pete. Hili ndilo jaribio ningependa kila mwenye trekta alijue, kwa sababu linamwokoa na fundi anayetaka kung'oa pampu siku ya kwanza.

Ukiwa hapo, chomoa kipima oili, uinuse. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, diaframu ya pampu ndogo inaweza kuwa imechanika na kumwaga mafuta ndani ya injini. Usiiwashe katika hali hiyo. Badilisha diaframu na oili yote. Oili ikiwa imegeuka rangi ya maziwa, ni maji ya rejeta yameingia, na huo ni ugonjwa mwingine wa gasketi au kichwa cha silinda. Na ikiwa stata inazunguka kisha inagota ghafla kama imegonga ukuta, acha kabisa. Huenda kuna maji au mafuta yamejaa juu ya pistoni, na kimiminika hakibaniki. Ukilazimisha, fito ya pistoni inapinda.

Sasa chukua upande wa pili, yaani umepiga stata ukaona moshi mweupe mwingi. Kama kuna baridi, anza na hita. Baadhi ya injini zina plagi za joto ndani ya silinda. Nyingine, kama hizo Perkins za zamani, zina kifaa kimoja kwenye mdomo wa hewa ambacho hudondoshewa dizeli kidogo na kuiwasha ili hewa iingie ikiwa ya moto. Shika mwili wake kwa tahadhari baada ya kugeuza ufunguo kwenye nafasi ya joto. Kama haupati joto hata kidogo, pima umeme unaofika hapo. Kama hita ni nzima na kasi ya stata ni nzuri, basi fikiria hewa inayovuja. Sikiliza mzunguko: injini nzima inazunguka kwa mapigo yanayolingana, ila silinda moja ikiwa dhaifu utasikia pigo moja likiteleza, kama linaruka. Kurekebisha nafasi za valvu kwa kipimo cha kitabu cha injini yako ni kazi ya bei ndogo na ifanywe kwanza, maana valvu isiyofunga sawasawa inafanana kabisa na ringi zilizokwisha. Kipimo cha kompresheni (nguvu ya hewa inayobanwa) kupitia tundu la nozeli ndicho kinachokata mzizi wa fitina. Injini nzuri ya dizeli mara nyingi hutoa bari 25 hadi 30. Ikiwa chini ya 20, kuwaka asubuhi ya baridi itakuwa shida kila siku.

Ndipo tunafika kwenye etha. Mwenzako hana nia mbaya, na ni kweli injini mara nyingi inastuka na kuwaka. Lakini etha inawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Mgongano unaousikia, ule mlio wa chuma kugonga chuma, ni nguvu inayosukuma pistoni chini wakati krenki inaipandisha juu. Ringi zinavunjika, na kingo za pistoni zinakatika. Kwenye injini yenye hita ya moto kwenye njia ya hewa ni hatari zaidi, kwa sababu etha inaweza kulipuka humohumo kabla haijafika kwenye silinda. Kitambaa kilicholoweshwa petroli na kuwekwa mdomoni mwa filta ya hewa nacho ni balaa lilelile, tena kinaweza kuvutwa ndani. Na kwa tatizo lako etha haina hata faida ya muda: kama dizeli haifiki, injini itawaka kwa sekunde mbili za etha na kuzima, nawe utarudia mpaka uiharibu. Trekta ambayo haiwaki bila etha inakuambia kompresheni au hita imekwisha. Isikilize badala ya kuinyamazisha.

Kuna hali moja ambapo jirani yako angekuwa na haki. Trekta ikiwaka vizuri asubuhi, ikafanya kazi, ukaizima ikiwa moto na ikakataa kuwaka tena mpaka ipoe, pampu ya mzunguko inaweza kuwa imechakaa ndani. Chuma kikipata moto kinatanuka, dizeli nayo inakuwa nyepesi, na kwa kasi ndogo ya stata shinikizo linavuja pembeni. Funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, usiimwagie maji ya ndoo, kisha subiri ipoe. Ikiwaka baada ya hapo, una ushahidi wa kumpelekea fundi wa pampu. Lakini hiyo sivyo ulivyoeleza.

Na ikitokea umefanya yote haya, moshi hautoki, kidumu kimeunganishwa, mafuta safi yanatoka kwenye skrubu za pampu, kizimio kiko wazi, lakini nati za nozeli zinabaki kavu stata inapozunguka, hapo ndipo pampu inastahili kutolewa. Kabla haijalegezwa bolti hata moja, piga alama ya mstari mmoja kwa patasi kwenye kiunganishi cha pampu na mahali inapokaa kwenye injini, ili irudi palepale. Kupishana kidogo tu kunabadilisha wakati wa kupuliza mafuta na utaanza kupata moshi ambao hukuwa nao. Mabomba yafungue yote kwa pamoja bila kuyapinda, na kila tundu, la pampu, la nozeli na la bomba, lifunike mara moja kwa kifuniko kisafi au nailoni iliyofungwa vizuri. Usitumie vitambaa vinavyotoa nyuzi. Mwambie fundi awe na mashine ya kupimia, akupe majibu ya kila nozeli: inafunguka kwa shinikizo gani na mnyunyizo wake ukoje. Kama hana mashine, mpelekee mwingine.